Imla ya Mashine: Vichezeo Vinavyosema na Kiswahili cha Lubumbashi

Utangulizi

Mtoto wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba, hujifunza kusema kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Nyumbani na njiani lugha yake ni Kiswahili, kile ambacho wanaisimu hukiita Kiswahili cha Lubumbashi au cha Katanga. Akienda ku masomo, kama asemavyo mwenyewe, hukutana na Kifaransa, na pamoja nacho zoezi ambalo kila aliyepita katika shule za Kongo analikumbuka: imla. Mwalimu hutamka, mtoto huandika, kisha kalamu nyekundu huhesabu makosa.

Mwaka 1978 zoezi hilo lilitiwa ndani ya sanduku la plastiki lenye vitufe, kioo kidogo cha kuonyesha herufi na kipaza sauti. Sanduku hilo liliitwa Speak & Spell, nalo lilitengenezwa na kampuni ya Texas Instruments ya Marekani. Lilitamka neno, likamngoja mtoto abonyeze herufi, kisha likamwambia kama amepata au amekosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilifuatwa na ndugu yake wa Kifaransa, La Dictée Magique, yaani Imla ya Kimiujiza. Huyo angeweza kuketi mezani pa mtoto wa Bel-Air na kumsomesha Kifaransa chake. Ndugu wa Kiswahili hakuzaliwa.

Makala hii inakusudia kueleza vichezeo hivyo vilitoka wapi na vilisemaje, na kisha kuuliza vinatufundisha nini sisi tunaoshughulikia Kiswahili, hasa kile cha Katanga. Hoja yetu ni kwamba ugumu wa kukipa Kiswahili sauti ya mashine haukuwa katika lugha yenyewe. Ulikuwa, na bado uko, katika uchaguzi unaotangulia mashine: ni nani atakayetamka, na ni nani atakayeamua lipi ni sahihi.

Kutoka mvukuto hadi waya

Tamaa ya kuisemesha mashine ni ya zamani. Mwaka 1791 Wolfgang von Kempelen alichapisha maelezo ya mashine aliyoiunda kwa mvukuto uliokuwa badala ya mapafu, ulimi wa zumari uliokuwa badala ya koo, na mfuko laini uliokuwa badala ya kinywa. Aliyeiendesha aliubana mfuko huo kwa mkono na kuzipata irabu na baadhi ya konsonanti. Kwa wanafonetiki kazi hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa Kempelen alitenganisha mambo mawili ambayo mpaka leo hutenganishwa: chanzo cha mlio, na umbo la njia ambamo mlio hupita.

Mwaka 1939, katika maonyesho makubwa ya New York, maabara ya Bell ilionyesha Voder, mashine ya umeme iliyobuniwa na Homer Dudley. Hii nayo ilikuwa na chanzo na vichujio, lakini ilihitaji mwendeshaji aliyefunzwa kwa muda mrefu, aliyecheza vitufe na kanyagio mfano wa mpiga kinanda.

Vichezeo vilipita njia nyingine. Mwaka 1890 Thomas Edison aliuza wanasesere waliobeba mtambo mdogo wa santuri tumboni. Walikatika sauti upesi na biashara ikafa. Mwaka 1965 kampuni ya Mattel ilitoa See 'n Say, ambapo mtoto alivuta kamba na santuri iliyofichwa ndani ikatamka. Vichezeo vya namna hii vilikariri bila kusema. Sauti ilikuwa imechongwa mara moja katika nta au plastiki, na hakukuwa na njia ya kuchagua neno kwa kulingana na jibu la mtoto kwa upana wowote. Santuri haiwezi kutoa imla na kuisahihisha.

Jinsi chipu ilivyosema

Mradi wa Speak & Spell ulianza mwaka 1976 kwa fedha kidogo, dola 25,000, na watu wanne: Paul Breedlove, Gene Frantz, Richard Wiggins na Larry Brantingham. Tatizo lao lilikuwa la akiba. Ukitaka kuhifadhi sauti ya mtu kwa tarakimu, kwa mfano vipimo 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 8, sekunde moja itadai biti 64,000. Kumbukumbu za elektroniki za wakati ule zilikuwa ndogo na ghali. Kichezeo cha bei ya dola 50 hivi kisingeweza kubeba maneno mia mbili kwa hesabu hiyo.

Ufumbuzi ulitokana na utafiti uliokuwa umefanywa kwa ajili ya simu. Mwaka 1966 Fumitada Itakura na Shuzo Saito huko Japani, na muda mfupi baadaye Bishnu Atal na Manfred Schroeder katika maabara ya Bell, walionyesha kwamba kila kipimo cha sauti ya binadamu kinaweza kukisiwa kwa sehemu kubwa kutokana na vipimo vilivyokitangulia. Sababu yake imo katika maumbile. Kinywa hakibadiliki umbo kwa ghafula. Katika muda wa sehemu ya arobaini ya sekunde, ulimi na midomo huwa karibu mahali pamoja. Basi haina haja kuhifadhi mlio wote wa muda huo. Inatosha kuhifadhi umbo la njia ya sauti, nguvu ya pumzi na kima cha mlio.

Hivyo ndivyo ilivyofanya chipu ya Texas Instruments. Kwa kila kipande cha milisekunde 25 ilipokea nambari chache: nguvu, kima, na vizigeu kumi vinavyoeleza umbo la kinywa. Kama kipande kilikuwa cha sauti isiyo ghuna, kama vile s au f, vizigeu vinne vilitosha, na mahali pa mlio wa koo paliwekwa mvumo wa hewa. Kama kipande kilifanana na kilichotangulia, chipu iliambiwa tu irudie. Kwa njia hiyo sekunde moja ya usemi haikudai tena biti 64,000, bali elfu moja na ushei. Kempelen angelitambua jambo hilo mara moja: mvukuto umekuwa nambari, na mfuko laini umekuwa nambari kumi.

Kichezeo kilionyeshwa hadharani Chicago mnamo Juni 1978. Kilikuwa cha kwanza kutumia chipu moja iliyoweza kuumba usemi, na mwaka 2009 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilikiandika miongoni mwa hatua kuu za historia ya uhandisi. Uingereza ilipata toleo lenye matamshi yake, Ujerumani ikapata Buddy, Italia Grillo Parlante, na Ufaransa La Dictée Magique.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa taarifa za kiufundi huweza kulipita. Nambari hizo hazikutoka hewani. Kila neno la Speak & Spell lilitamkwa kwanza na mtu, mtangazaji wa redio wa Dallas, kisha likachambuliwa kwa kompyuta kubwa, likasahihishwa kwa mkono, na kutiwa katika kumbukumbu. Mashine ilijua maneno yaliyochaguliwa na watu fulani, kwa matamshi yaliyochaguliwa na watu hao hao. Zaidi ya hapo haikuwa na sikio lolote. Haikumsikia mtoto. Ililinganisha herufi alizobonyeza na herufi zilizoandikwa ndani yake, basi.

Kipushi na Texas

Kabla hatujarudi katika lugha, inafaa tukumbuke kwamba historia ya vitu hivi ina mizizi pia katika ardhi ya Katanga. Transista ya kwanza, iliyoundwa katika maabara ya Bell mwezi wa Desemba 1947, ilitumia kipande cha jemaniamu. Mwaka 1954 Texas Instruments, kampuni ile ile, ilitengeneza transista za jemaniamu kwa ajili ya Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani. Katika miaka hiyo ya 1950 mojawapo ya vyanzo vikuu vya jemaniamu duniani ulikuwa mgodi wa Kipushi, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Élisabethville, uliokuwa mali ya Union Minière du Haut-Katanga. Madini ya renierite, yenye jemaniamu, yaligunduliwa huko na kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948.

Chipu ya mwaka 1978 ilikuwa ya silikoni. Zama za jemaniamu katika transista zilikuwa zimepita. Hata hivyo jemaniamu haikupotea Lubumbashi. Ilibaki katika lundo jeusi la takataka za tanuri linaloonekana toka mbali pamoja na bomba lake la moshi, na mwaka 2024 shehena ya kwanza ya jemaniamu iliyotolewa katika lundo hilo ilipelekwa Ubelgiji kwa kampuni ya Umicore, mrithi wa Union Minière. Utaratibu ni ule ule wa tangu 1911, wakati tanuri la Lubumbashi lilipoyeyusha shaba ya kwanza: kitu kinatoka kikiwa ghafi, kinarudi kikiwa chombo. Chombo kinapokuwa bisibisi au waya, lugha yake si neno. Kinapokuwa mwalimu wa mtoto, lugha yake ni kila kitu.

Kiswahili kingesemwaje?

Tuulize sasa swali la kiufundi. Kama wahandisi wale wangepewa kazi ya Kiswahili mwaka 1978, wangekuta nini?

Wangekuta lugha nyepesi kwa mashine. Irabu ni tano. Silabi nyingi ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Tahajia sanifu inakaribia sana kulingana na sauti, herufi kwa fonimu. Tukihesabu konsonanti kuwa ishirini na kitu na kuzizidisha kwa irabu tano, tunapata silabi za msingi zisizofika mia mbili. Hata tukiongeza silabi zenye mw, bw, nj, nd na mfano wake, orodha haiwi ndefu. Kwa Kiingereza, Speak & Spell ililazimika kuhifadhi kila neno zima. Kwa Kiswahili ingewezekana, angalau kwa kukisia, kuyajenga maneno mapya kutoka kwa silabi, ingawa matokeo yangekuwa makavu, kwani silabi hubadilika kwa jirani zake na kiimbo cha sentensi si jumla ya silabi.

Aidha, wangegundua kwamba mchezo wenyewe hauna maana ile ile. Imla ya Kifaransa ni ngumu kwa kuwa sauti moja huandikwa kwa njia nyingi: mlio wa o huweza kuwa o, au, au hata eau. Kichezeo kiliuzwa kwa sababu ya ugumu huo. Katika Kiswahili sanifu mtoto aliyezijua herufi zake ana machache ya kukosea: ng na ng', dh na z, th na s, l na r, na h inayopotea. Kwa mtoto wa Kiswahili mashine inayosema ingefaa zaidi kuwa msomaji kuliko kuwa msahihishaji.

Lakini hapa ndipo tunapofika Bel-Air. Sifa hizo zote tulizozitaja ni za Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kusimamiwa tangu 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwamo. Mtoto wa Lubumbashi husema muntu mahali pa mtu, bintu mahali pa vitu, batoto mahali pa watoto, apa mahali pa hapa. Kiunganishi chake ya hutumika mahali ambapo sarufi ya pwani ingedai cha, vya au la. M ya pwani inayosimama peke yake kama silabi, kwake ina irabu. Hizo si takataka za usemi. Zina utaratibu wake, na zimechunguzwa kwa makini tangu miaka ya 1960.

Basi tumwazie mtoto huyo mbele ya sanduku la Kiswahili sanifu. Sanduku linatamka, anaandika alivyosikia maisha yake yote: a, p, a. Mashine inajibu kwamba amekosa, ajaribu tena. Mtoto wa Paris anaposahihishwa kwa Kifaransa, anajifunza maandishi ya lugha ya mama yake. Mtoto wa Bel-Air anaposahihishwa kwa Kifaransa, anajifunza lugha ya pili. Anaposahihishwa hivyo kwa Kiswahili, anaambiwa kwamba lugha ya mama yake ni kosa. Na anayemwambia hivyo ni mashine isiyoweza kuulizwa sababu.

Maandishi yaliyohitaji sauti

Lubumbashi ina mfano wake wa uhusiano kati ya sauti na maandishi, tena uliotangulia Speak & Spell kwa miaka kumi na mitatu. Mwaka 1965 lilitokea andiko lililopigwa taipu lenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lililotungwa na André Yav kwa ajili ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Ni historia ya mji kama walivyoiona wale waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Imeandikwa kwa Kiswahili cha mji, bila tahajia moja: neno lile lile huandikwa kwa namna kadhaa, maneno huunganishwa na kukatwa mahali pasipotazamiwa, na alama za vituo hazimwongozi msomaji.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alipotaka kulichapisha andiko hilo alikuta kwamba macho peke yake hayatoshi. Msaidizi wake, Kalundi Mango, mzawa wa lugha hiyo, alilisoma kwa sauti, usomaji ukarekodiwa na kunukuliwa. Na hapo maana ilifunguka. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Herufi zilizoonekana kuwa fujo zilikuwa kumbukumbu za usemi, zikimngoja mtu wa kuzirudishia pumzi.

Ni vizuri kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Sanduku la Texas lilianza na sauti ya mtu mmoja na kudai tahajia moja. Andiko la Yav lilikubali tahajia nyingi na kudai sauti ya mtu anayeijua lugha. La kwanza lilimfanya msikilizaji kuwa mtahiniwa. La pili lilimfanya msomaji kuwa shahidi. Hatusemi kwamba tahajia haina faida. Bila tahajia hakuna kamusi, wala kitabu cha shule, wala bulletini kama hii. Tunasema kwamba tahajia ya Kiswahili cha Lubumbashi, ikitungwa, itungwe kutokana na masikio ya wasemaji wake, wala isiingie kwa mlango wa nyuma ikiwa imefichwa ndani ya chombo.

Baada ya vichezeo

Vichezeo vile sasa ni vitu vya wakusanyaji. Swali lao halijazeeka. Mwaka 2005 Mucemi Gakuru na wenzake walichapisha taarifa ya mfumo wa kompyuta unaosoma matini za Kiswahili kwa sauti; nao, tofauti na Speak & Spell, uliweza kusoma neno lolote lililoandikwa kwa tahajia ya kawaida. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilitangaza mradi wa kukusanya rekodi za wasemaji wa Kiswahili ili mashine zijifunze kutokana nazo. Leo mashine hazihifadhi tena vizigeu kumi vya mtangazaji mmoja. Hujifunza kutoka kwa saa nyingi za sauti za watu wengi. Lakini kanuni haijabadilika: mashine husema kama wale iliowasikia, na yule asiyerekodiwa haimo sauti yake.

Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha pwani. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lubumbashi yenyewe ina Chuo Kikuu ambamo kituo cha isimu, CELTA, kiliundwa mwaka 1971, na ambako wanaisimu wa Zaire walikutana mwaka 1974 kuzungumzia nafasi ya lugha za taifa katika elimu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wataalamu walikosekana, wala kwamba jambo halikufikiriwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba vichezeo vinavyosema vilizaliwa pale elimu ya fonetiki ilipopata njia ya kukieleza kinywa kwa nambari chache, na kwamba kwa hesabu hizo Kiswahili hakikuwa kigumu, bali rahisi kuliko Kiingereza na Kifaransa. Tumeona pia kwamba kila sauti ya mashine ni sauti ya mtu aliyechaguliwa, na kila imla ina mwenyewe.

Kazi inayotukabili, walimu na wanafunzi wa lugha hii, basi si kungoja kampuni itengeneze sanduku. Ni kazi ya kinasa sauti na subira: kuwarekodi wasemaji wa Bel-Air, wa Kenya na wa Katuba, wazee kwa vijana, wakisoma na wakizungumza, kuzinukuu rekodi hizo kwa tahajia iliyojadiliwa nao, na kuziweka mahali ambapo mtafiti wa Lubumbashi atazipata bila kuomba ruhusa ng'ambo. Kalundi Mango alionyesha njia kwa andiko moja. Siku mashine itakapomtolea mtoto wa Kampemba imla kwa Kiswahili, na iwe imewasikia kwanza watu wa nyumbani kwake.